Latour au Lafite: Chupa Ipi ya Pauillac Inafaa Kulazwa Miaka Mingi?

Mtu anayeweka akiba ya kununua kasha moja la divai nyekundu ya Kifaransa, kwa nia ya kulifungua siku binti yake atakapotimiza miaka 25 au siku yeye mwenyewe atakapostaafu, mara nyingi huishia mbele ya majina mawili yanayotoka katika mji mmoja mdogo: Château Latour na Château Lafite Rothschild. Mashamba yote mawili yako Pauillac, katika eneo la Médoc, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya jiji la Bordeaux, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Gironde. Yote mawili yaliwekwa katika daraja la kwanza la orodha rasmi ya divai za Bordeaux ya mwaka 1855, na yote mawili hutoa divai ambayo chupa yake moja hugharimu mamia ya euro ikiwa bado changa, na ambayo ikihifadhiwa vyema huweza kuishi kuliko aliyeinunua. Anayekosea hapa anakosea kwa gharama kubwa, tena kosa lake hulijua baada ya miaka 20, wakati ambapo hakuna wa kumrudishia fedha.

Wengi huuliza ni ipi iliyo bora. Naona swali hilo halimfikishi mnunuzi popote, kwa sababu wataalamu wameligombania kwa zaidi ya karne moja, na kila mwaka wa mavuno huja na jibu lake. Maswali yenye msaada ni mawili: chupa itafunguliwa mwaka gani, na hadi siku hiyo itakuwa imelala wapi. Aliyekwisha kuyajibu hayo atakuta kwamba sehemu kubwa ya uchaguzi wake imekamilika hata kabla hajaonja tone moja.

Mashamba yaliyowahi kuwa na mwenyewe mmoja

Mwaka 1695 Alexandre de Ségur, mrithi wa Lafite, alimwoa Marie-Thérèse de Clauzel, mrithi wa Latour. Mtoto wao, Nicolas-Alexandre, akawa mmiliki wa mashamba yote mawili, akaongeza na mengine, hata akapewa jina la mkuu wa mizabibu. Alipofariki mwaka 1755 urithi uligawanyika, na tangu hapo kila shamba likafuata njia yake. Latour ilibaki kwa vizazi vya ukoo huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilipoingia mikononi mwa Waingereza, kisha mwaka 1993 ikanunuliwa na tajiri wa Kifaransa François Pinault. Lafite iliponyoka mikononi mwa ukoo wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ikapita kwa wamiliki kadhaa, na mwaka 1868 ikanunuliwa na Baron James de Rothschild, ambaye alifariki miezi mitatu tu baadaye. Familia yake inaishikilia hadi leo, na tangu mwaka 2018 anayeiongoza ni Saskia de Rothschild.

Orodha ya 1855, ambayo kila muuzaji huitaja, iliandaliwa kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Paris kwa agizo la Napoleon wa Tatu, na madalali wa Bordeaux waliipanga kwa kufuata bei ambazo divai zilikuwa zikiuzwa kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, ilikuwa orodha ya soko. Badiliko kubwa lililofanywa tangu wakati huo ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild, jirani wa Lafite, ilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Mnunuzi asiichukulie orodha hii kuwa dhamana ya kila chupa: kuna vipindi ambavyo kila moja kati ya mashamba haya mawili ilishuka chini ya hadhi yake, nami nitavitaja mbele kidogo, maana vinagusa mfuko wa anayenunua chupa za zamani.

Kokoto, mto na zabibu

Latour iko pembe ya kusini ya Pauillac, ikipakana na mashamba ya Saint-Julien. Divai yake kuu hutoka katika eneo linaloitwa l'Enclos, kiasi cha hekta 47 zinazoizunguka nyumba, juu ya kilima kifupi cha kokoto nene kilichokalia udongo wa mfinyanzi. Mto uko mita mia chache tu kutoka hapo. Wenyeji wa Médoc husema kwamba mizabibu bora ni ile inayouona mto, na msemo huo una sababu yake: maji mengi hupunguza makali ya baridi ya majira ya kuchipua, kiasi kwamba katika miaka ya jalidi kama 1991 na 2017 mashamba yaliyo karibu na Gironde yalisalimika zaidi kuliko yaliyo ndani. Kokoto nazo hupitisha maji ya mvua haraka na kuhifadhi joto la mchana, na mfinyanzi ulio chini hutunza unyevu wa kuinusuru mizizi katika kiangazi kikali.

Lafite iko upande wa kaskazini kabisa, ikipakana na Saint-Estèphe. Shamba lake ni kubwa zaidi, hekta zaidi ya 100 za mizabibu, nalo limeenea juu ya vilima vya kokoto laini zaidi, zilizochanganyika na mchanga, juu ya mwamba wa chokaa. Hapo ndipo wengi wanaposema tofauti ya divai hizi inapoanzia. Zabibu inayotawala pande zote mbili ni Cabernet Sauvignon, ambayo katika Latour ya miaka ya karibuni mara nyingi huzidi asilimia 90, na katika Lafite huwa kati ya asilimia 80 na 95 au zaidi kidogo kutegemea mwaka, sehemu iliyobaki ikiwa zaidi ni Merlot. Kwa kuwa zabibu karibu ni ileile, na mapipa mapya ya mwaloni yanatumika kote, na muda wa kukaa pipani haupishani sana, ni vigumu kuepuka kusema kwamba udongo ndio unaozungumza.

Msomaji aliyewahi kufika Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huenda akashangaa kuona jinsi Wafaransa wanavyoutaja mwaka wa mavuno kana kwamba ni jina la ukoo. Pauillac huvuna mara moja tu, kwa kawaida mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na mvua ya wiki moja katika kipindi hicho inaweza kuharibu kazi ya miezi 11. Ndiyo maana tarakimu nne zilizo kwenye lebo hubeba uzito karibu sawa na jina lenyewe.

Kinachotokea ndani ya chupa

Divai nyekundu nyingi huharibika zikiwekwa muda mrefu. Zinazofaa kulazwa huhitaji tanini nyingi, uchachu wa kutosha na tunda lenye kina, vyote kwa uwiano. Tanini hutoka katika ganda na mbegu za zabibu, na ulimi huitambua kwa ule ukakasi unaofanana na wa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni pamoja na majani yake, au wa bibo linalokausha kinywa. Miaka inavyopita, chembe za tanini hushikamana zenyewe kwa zenyewe na pamoja na chembe za rangi, huwa nzito, hutulia chini ya chupa kama mashapo, na ukakasi hupungua. Rangi nayo hutoka zambarau iliyokolea ikaelekea wekundu wa tofali. Harufu ya tunda bichi huondoka taratibu na kupisha harufu nyingine: mwerezi, tumbaku, ngozi, majani makavu ya msituni, uyoga.

Latour huanza safari hiyo ikiwa imejaa zaidi. Ikiwa changa ni divai nyeusi, yenye misuli, yenye harufu ya matunda meusi ambayo kwetu ningeyafananisha na zambarau na forosadi zilizoiva sana, na ukakasi wake hukishika kinywa bila huruma. Katika mwaka mzuri haifai kuguswa kabla ya miaka 15, na kwa miaka mikubwa kama 1996 au 2010 naona miaka 20 hadi 25 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kisha hudumu. Latour ya 1961 ni miongoni mwa divai zinazotajwa zaidi duniani kwa uhai wake mrefu.

Lafite ni nyepesi zaidi mwilini, na hapa neno nyepesi lisichukuliwe kuwa dosari. Nguvu yake iko kwenye harufu: ile ya penseli iliyochongwa sasa hivi, mwerezi, ua la urujuani, na tunda lisilopiga kelele. Mtu aliyezoea divai nzito za nchi za joto anaweza kuionja Lafite changa akauliza fedha zake zimekwenda wapi. Jibu huja baadaye, maana Lafite inapofika miaka 20 harufu zake hufunguka kwa namna ambayo Latour ya umri uleule mara nyingi bado haijafikia. Udhaifu wake ni kwamba katika mwaka hafifu wepesi huo hugeuka wembamba, ilhali Latour katika mwaka hafifu bado huwa na mifupa ya kuisimamisha.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha. Divai za aina hii hupitia kipindi cha kujifunga, pengine kati ya mwaka wa tano na wa kumi na mbili, ambapo hazina uzuri wa ujana wala wa uzee. Aliyenunua kasha la chupa sita akafungua moja katika kipindi hicho atadhani ametapeliwa. Latour hujifunga zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo anayejijua kuwa hana subira, na ambaye kasha likiwa nyumbani halitamaliza miaka mitano bila kuguswa, asiinunue ikiwa changa.

Jinsi zinavyouzwa, na kwa nini jambo hili ni zito kuliko ladha

Kwa desturi ya Bordeaux, divai kubwa huonjwa na wafanyabiashara katika majira ya kuchipua yanayofuata mavuno, ikiwa bado pipani, na mnunuzi hulipa mapema akasubiri kiasi cha miaka miwili hadi chupa zimfikie. Lafite bado inauzwa hivyo. Latour ilijitoa katika utaratibu huo mwaka 2012, mavuno ya 2011 yakiwa ya mwisho kuuzwa yakiwa pipani. Tangu hapo huzilaza chupa zake katika maghala yake yenyewe na kuzitoa sokoni pale uongozi unapoona zimeanza kukomaa, yaani miaka kadhaa baada ya mavuno, na hata zikitoka bado zinahitaji kuwekwa.

Kwa mnunuzi wa kawaida, tofauti hii ina sura mbili. Kwa upande mmoja, Latour inayotoka moja kwa moja katika ghala la shamba ina historia safi: haijawahi kusafirishwa na kurudishwa, haijakaa katika stoo ya mtu asiyejulikana, na hakuna shaka ni nini kilicho ndani. Kwa upande wa pili, gharama ya miaka hiyo ya kulazwa imo ndani ya bei, na yule anayetaka kununua mapema ili faida ya muda iwe yake hana nafasi hiyo tena. Lafite humwachia mnunuzi nafasi hiyo, pamoja na hatari zake zote. Mimi ninaona kwamba kwa mtu asiye na ghala lake la kuaminika, utaratibu wa Latour unastahili nyongeza ya bei. Kwa mwenye ghala zuri, nyongeza hiyo ni kulipia kitu alicho nacho tayari.

Bei ya Lafite ina tabia nyingine inayopaswa kujulikana. Kuelekea mwaka 2010 wanunuzi wa China waliipenda kiasi cha kuipandisha juu ya majirani zake wote, na shamba lilipotangaza kwamba chupa za mavuno ya 2008 zingechorwa tarakimu nane ya Kichina, ambayo huko ni ishara ya bahati, bei iliruka. Baadaye kidogo ilianguka, na walionunua kileleni walibaki na chupa nzuri zenye thamani iliyopungua. Umaarufu huo umeivutia pia mikono ya waghushi, ndiyo sababu tangu mwaka 2012 chupa za Lafite hutoka shambani zikiwa na muhuri maalumu wa utambulisho shingoni. Anayenunua Lafite ya zamani kutoka kwa mtu asiyemjua anapaswa kuwa mkali zaidi kuliko anayenunua Latour: adai risiti za awali, picha za lebo, kizibo na kiwango cha divai shingoni, na kama muuzaji anasitasita, aondoke.

Miaka ya kuchagua na ya kuepuka

Hapa sitaorodhesha kila mwaka, kwa kuwa mingi haipishani vya kutosha kubadili uamuzi. Mwaka 2003 ulikuwa wa joto lisilo la kawaida barani Ulaya, na mfinyanzi wa Latour uliisaidia mizabibu yake kupita salama, hata ikatoa moja ya divai bora za mwaka huo. Mwaka 2009 ulitoa divai laini, tamu kwa harufu, zinazopendeza mapema. Mwaka 2010 ulitoa divai zilizonyooka na zenye ukali, za kuwekwa kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo anayetaka Latour lakini hana umri wa kusubiri, achague 2009. Anayetaka Lafite lakini anahofia wembamba, achague 2010 au 2016. Mwaka 1996, ambao Cabernet Sauvignon iliiva vizuri mno Médoc, ni mzuri kwa mashamba yote mawili, na chupa zake sasa ziko katika umri wa kunyweka, ingawa Latour bado haina haraka.

Katika chupa za zamani zaidi, tahadhari zinapishana. Lafite ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 haikuwa katika hali yake nzuri, na mambo yalianza kurekebishwa baada ya Eric de Rothschild kushika uongozi mwaka 1974. 1982 na 1986 ni ushahidi wa marekebisho hayo. Latour kwa upande wake ilikuwa imara katika miaka ya 1960 na ilitoa divai kubwa mwaka 1970, lakini katikati ya miaka ya 1980, hasa 1983, 1985 na 1986, ilikuwa nyepesi kuliko jina lake. Yaani mtu anayetafuta chupa ya mwaka 1986 kwa ajili ya rafiki aliyezaliwa mwaka huo hana sababu ya kusumbuka: Lafite.

Mwaka 2013 ulikuwa mgumu Bordeaux nzima, na mzazi wa mtoto aliyezaliwa mwaka huo hana budi kuchagua kati ya tarehe ya kuzaliwa na divai. Ningemshauri anunue 2014 au 2016, amwambie mtoto ukweli.

Chumba cha kulala cha chupa

Divai ya kuhifadhi hutaka joto la nyuzi 12 hadi 14 za selisiasi lisilobadilika, unyevu wa hewa kiasi cha asilimia 70 ili kizibo kisikauke, giza, utulivu, na ilazwe ubavu ili divai ikiguse kizibo muda wote. Kati ya hayo, kutobadilika kwa joto ndiko kunakosahauliwa. Chupa iliyokaa kwenye nyuzi 17 mwaka mzima huzeeka haraka kidogo, basi. Chupa inayopanda hadi 28 mchana na kushuka hadi 18 usiku huvuta na kusukuma kizibo chake kila siku hadi hewa iingie.

Kwa msomaji anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, maana yake ni kwamba chumba cha kawaida hakifai kabisa, hata chenye kiyoyozi, kwa kuwa kiyoyozi huzimwa. Jokofu la divai linasaidia kwa miaka michache, lakini umeme unapokatika saa nane mfululizo mara kadhaa kwa mwezi, sioni busara ya kuliamini kwa miaka 25. Nyanda za juu kama Limuru au Lushoto zina nafuu kubwa, ingawa bado joto la mchana na la usiku hupishana. Hatari nyingine iko njiani: kontena lisilo na ubaridi likisimama juani bandarini kwa wiki mbili linaweza kumaliza kazi ambayo ghala la Pauillac lilifanya kwa miaka kumi. Kwa hiyo naona njia ya maana kwa wengi wetu, tuwe Afrika Mashariki au Ghuba, ni kununua kupitia mfanyabiashara wa Ulaya anayeziacha chupa katika ghala la forodha lenye hali ya hewa inayodhibitiwa, kulipa ada ya mwaka, na kuzileta chache chache kwa ndege zinapofikia umri. Faida ya ziada ni kwamba ushuru hulipwa pale tu chupa inapotoka ghalani, na siku ya kuuza, historia ya hifadhi inaonekana kwenye karatasi.

Niliwahi kuona katika duka moja la mji wa pwani chupa ya daraja hili ikiwa imesimamishwa wima kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya taa, na mwenye duka akanieleza kwa fahari kwamba ipo hapo tangu siku duka lilipofunguliwa. Sikumlaumu sana, kwa kuwa hata matajiri wa dunia wamewahi kukosea vivyo hivyo. Mwaka 1985, katika mnada wa Christie's mjini London, chupa ya Lafite iliyoandikwa 1787 na kudaiwa kuwa ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, ilinunuliwa kwa pauni 105,000, ikapelekwa Marekani kuonyeshwa, na taa za maonyesho zikakausha kizibo hadi kikatumbukia ndani. Baadaye hata uhalisi wa chupa yenyewe ulitiliwa shaka nzito.

Ukubwa wa chupa nao una nafasi yake. Chupa ya lita 1.5 huzeeka polepole kuliko ya mililita 750, kwa kuwa hewa inayopenya kwenye kizibo hugawanywa kwa divai nyingi zaidi. Nusu chupa huzeeka haraka. Mtu anayependa Lafite na anataka kufika miaka 40 anaweza kuongeza muda kwa kununua chupa kubwa. Kwa Latour sioni haja hiyo, labda kama mnunuzi anawafikiria wajukuu.

Kama fedha haitoshi

Kila shamba lina divai ya pili: Les Forts de Latour, ambayo ilianza na mavuno ya 1966, na Carruades de Lafite. Bei zake ni sehemu tu ya divai kuu. Kwa kuhifadhi, Les Forts ndiyo yenye kunishawishi. Ina mwili, ina tanini, na katika mwaka mzuri huweza kufika miaka 20 bila wasiwasi. Carruades ina Merlot nyingi zaidi, hunyweka mapema, na sehemu ya bei yake inalipia jina la Lafite lililo kwenye lebo. Kwa fedha hiyohiyo mnunuzi makini anaweza kutazama majirani: Grand-Puy-Lacoste, ambayo mwaka 1855 iliwekwa daraja la tano na leo ina wapenzi wengi wanaoiona kuwa Pauillac ya kweli kwa bei ya busara, Pontet-Canet, iliyo jirani na Mouton, au Pichon Baron, iliyotenganishwa na Latour na barabara na mashamba machache tu. Hizi zote huvuka miaka 20 katika miaka mizuri.

Siku ya kufungua, na uamuzi

Chupa yoyote kati ya hizi mbili isimamishwe wima siku moja kabla ili mashapo yatulie chini, kisha imiminwe taratibu mbele ya mwanga hadi mashapo yanapokaribia shingo. Latour ya miaka 20 huhitaji kukaa kwenye jagi la kioo saa tatu au zaidi. Lafite ya umri huo nisingeiacha zaidi ya saa moja, na Lafite ya miaka 40 ningeimimina moja kwa moja kwenye glasi, kwa sababu harufu zake za uzeeni huondoka upesi na hazirudi. Nyama nyekundu ya kuchoma isiyo na viungo vikali hukaa vizuri na Latour; Lafite hupendeza zaidi na nyama laini ya kondoo, isiyo na pilipili kabisa.

Nikirudi kwa yule mwenye binti: kama alizaliwa mwaka 2016 na kasha linakusudiwa kufunguliwa mwaka 2041, ningechagua Lafite ya 2016, kwa kuwa katika umri wa miaka 25 harufu zake zitakuwa zimefunguka, wakati Latour ya mwaka huohuo huenda ikawa ndiyo kwanza inaanza kulegea. Kama kasha linasubiri mwaka 2050 na kuendelea, au kama mnunuzi hana uhakika wa tarehe na anataka divai itakayovumilia kuahirishwa, ningechagua Latour, na ningeinunua ile iliyotoka ghalani mwa shamba hata kama imepita bei ya ile ya mnadani. Anayenunua chupa iliyokwisha kukomaa ili aifungue mwaka huu atazame kwanza karatasi za hifadhi, kisha jina. Lafite ya 1996 yenye karatasi kamili inaishinda Latour ya 1996 isiyo nazo, na kinyume chake. Vyovyote atakavyochagua kwa ajili ya binti, chupa zibaki katika ghala la forodha, na hati yake iandikwe kwa jina la binti tangu mwanzo, iwekwe pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.